Baiskeli Haigongani na Lori

Soma sentensi hii: "Mtu mmoja ambaye jina lake halikufahamika mara moja, anayekadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 35 na 40, amefariki dunia papo hapo baada ya baiskeli aliyokuwa akiendesha kugongana na lori lililokuwa likitokea bandarini." Nimeitunga mwenyewe asubuhi ya leo, kwa dakika moja, bila kutazama popote. Nilikaa kwenye dawati la habari miaka minane, na sentensi ya aina hiyo naweza kuiandika nikiwa nusu usingizini, kama mpika chapati anavyosukuma donge huku anapiga soga. Toa lori weka basi, toa bandarini weka jina la mji wowote, habari imekamilika. Kinachobaki ni kumpigia simu Kamanda wa Polisi wa mkoa athibitishe.

Miaka ile sikuiona kasoro yoyote ndani yake. Sasa dawati nimeliacha na naenda kazini kwa baiskeli, kutoka Tabata hadi mjini kupitia Buguruni, siku nne kwa wiki mvua isiponyesha. Huko barabarani, hasa pale pumzi ya lori inapokupiga mgongoni, sentensi nilizoandika zinanirudia moja moja, na kila moja naiona ina tundu.

Tuanze na "kugongana". Mwalimu wa Kiswahili wa darasa la sita angetuambia kwamba -an- ni kiambishi cha kutendana: Asha na Juma wanapendana, wanasalimiana, wanagombana. Kila mmoja anatenda na kila mmoja anatendwa. Mabasi mawili yakikutana uso kwa uso kwenye kona yamegongana, sina ugomvi na hilo. Lakini sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaliruhusu lori kubwa kufika tani 56 pamoja na mzigo wake. Baiskeli ya Phoenix, na madafu yote yaliyoning'inia, na muuza madafu mwenyewe juu yake, haifiki hata robo ya tani moja. Hivi viwili havigongani. Kimoja kinakigonga kingine. Tukiandika "kugongana" tumeshagawa tendo nusu kwa nusu kabla trafiki hajafika na futi yake, na ile nusu ya marehemu haina wa kuitetea.

"Amegongwa na lori" ni afadhali kidogo. Angalau tunajua nani ametendwa. Ila tazama aliyetenda: lori. Gari kwetu lipo kwenye ngeli ya li-ya, kwa hiyo vitenzi vyote vinapanga foleni na li- yao: liliacha njia, liliparamia, lilipinduka, likakimbia. Halafu kuna "gari lilimshinda dereva", ambayo naipenda kwa ubaya wake. Dereva yumo ndani ya sentensi, lakini yumo kama majeruhi wa pili. Gari limemshinda nguvu, kama dume la ng'ombe lililokata kamba mnadani. Nani alikuwa amekanyaga mafuta, hilo sentensi haina nafasi ya kulisema. Na lile la "breki zilifeli" huandikwa jioni ileile, gari halijavutwa hata kufika kituoni, halijakaguliwa na fundi yeyote, na aliyesema zimefeli ni dereva mwenyewe au utingo wake. Yule wa baiskeli naye tungemuuliza, angekuwepo.

Lori la tela linapokata kushoto, tela hupita ndani zaidi ya kichwa. Yeyote aliyewahi kusimama na baiskeli kushoto kwa lori kwenye mataa ya Barabara ya Mandela anajua jinsi ukuta ule wa chuma unavyokusogelea polepole huku huna pa kukimbilia, maana nyuma yako kuna bajaji na kushoto kwako kuna mtaro. Dereva, juu kule alipokaa, hakuoni. Kesho yake tunaandika kwamba mwendesha baiskeli "aliingia uvunguni mwa lori". Aliingia. Kama mtu aliyeamua kutafuta kivuli.

Lakini iko moja inayonisumbua kuliko hizo zote, na msomaji wa magazeti yetu ataitambua mara moja: dereva wa basi alikuwa akijaribu kumkwepa mwendesha baiskeli, ndipo gari likaacha njia na kupinduka. Hapo ndipo mtu wa baiskeli anapopata kuingia kwenye habari kubwa ya ukurasa wa kwanza. Abiria wamekufa, rambirambi zinamiminika, na chanzo kimepatikana: baiskeli. Hana jina, hana umri, haijulikani alikuwa anatoka wapi wala jioni ile alilala wapi. Ametokea barabarani kama mbuzi. Na sisi hatuulizi basi lilikuwa kwenye mwendo gani hata mtu anayekwenda kilomita 15 kwa saa aonekane wa ghafla. Barabara ikiwa imenyooka, mtu wa baiskeli hatokei. Yupo. Mgongo wake unaonekana tangu mbali, na mzigo wake wa mkaa unaonekana kabla ya mgongo.

Sasa neno lenyewe, ajali. Limetoka kwenye Kiarabu, ajal, na huko maana yake ni muda uliowekwa, siku ambayo uhai wa mtu umeandikiwa kufika mwisho. Kiswahili kililipokea na maana hiyo: ajali ya mtu ikifika imefika, hata akiwa kitandani kwake. Maana ya gari kumgonga mtu ilikuja baadaye, ikapanga chumba ndani ya nyumba iliyokuwa na mwenyewe. Ndiyo maana "ajali ya barabarani" kwenye sikio la Mswahili haisikiki kama tukio tu. Ndani yake kuna mkono wa Mungu, na mbele ya mkono wa Mungu mtu haulizi upana wa barabara. Kisha tunapigilia msumari kwa methali: ajali haina kinga.

Methali hiyo niliambiwa nikiwa nimekaa chini kwenye vumbi, goti linavuja damu. Kioo cha pembeni cha daladala kilinipiga begani, nikaenda nacho hatua mbili tatu kabla ya kuanguka. Konda alichungulia mlangoni akapiga kelele, "Mzee, hiyo ni njia ya magari!" Wakaondoka. Mama mmoja muuza mihogo akanimwagia maji ya chupa, akaniambia pole baba, ajali haina kinga. Alisema kwa huruma na niliipokea kwa shukrani. Niliporudi nyumbani nikaanza kuhesabu kinga ambazo ajali yangu ingekuwa nazo: nusu mita ya lami zaidi, ukingo wa zege wa kimo cha kiganja, tuta moja kabla ya kituo. Zote hizo huuzwa, na zina bei inayojulikana kwa mkandarasi yeyote.

Wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza wamebishana miaka mingi juu ya neno lao la ajali. Jarida la kitabibu la BMJ lilitangaza mwaka 2001 kwamba halitaki tena kuliona kwenye kurasa zake. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press ulishauri mwaka 2016 liepukwe pale penye madai ya uzembe. Mwaka 2021 Uingereza ikapata mwongozo mzima wa kuripoti matukio ya aina hii, ulioandaliwa katika Chuo Kikuu cha Westminster, unaowataka waandishi wamtaje dereva wanapozungumzia kitendo cha dereva, wasimfiche nyuma ya gari. Mimi sipendekezi tulifute neno "ajali". Kwanza halifutiki. Pili, msibani lina kazi yake, na sina haki ya kumnyang'anya mjane neno linalomsaidia kulala. Chumba cha habari ndicho kisichokuwa msibani. Sisi tulikuwa tunalipwa kuuliza.

Najua kuna msomaji anayesema haya ni mambo ya sarufi tu, na maneno hayajengi barabara. Nilikuwa na mawazo hayohayo. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani, wakiwemo Tara Goddard na Kelcie Ralph, walichukua karibu watu 1,000 wakawapa habari moja ya mtu wa miguu aliyegongwa, ila kwa matoleo matatu. La kwanza lilimweka aliyegongwa mbele, la pili likamweka dereva mbele, la tatu likaeleza pia barabara ilivyo na kwamba wengine waliwahi kugongwa katika eneo hilo. Tukio ni lilelile. Waliosoma toleo la kwanza ndio waliomlaumu zaidi aliyegongwa. Dereva alipopewa nafasi yake kwenye sentensi, lawama zikahamia kwake. Na waliosoma toleo la tatu ndio walioelekea zaidi kusema barabara irekebishwe. Watafiti haohao, au wengi wao, walikuwa wamesoma habari 200 za magazeti na vituo vya televisheni vya huko kuhusu watu wa miguu na wa baiskeli waliogongwa, wakakuta lile toleo la tatu karibu halipo kabisa. Kwa hiyo huo ugonjwa si wa Kiswahili peke yake. Sisi tuna dalili zetu tu.

Tena kwao haukuja wenyewe. Mwanahistoria Peter Norton ameeleza jinsi mambo yalivyokuwa Marekani miaka ya 1920, wakati magari yalipoanza kuua watoto mitaani na magazeti yakawa yanawaandika madereva kama wauaji. Mwaka 1923 wakazi wa Cincinnati wapatao 42,000 walitia saini kutaka magari yafungwe kifaa kisichoruhusu kuzidi maili 25 kwa saa. Wauza magari walishtuka. Jibu lao mojawapo lilikuwa la kijanja sana: chama cha watengenezaji magari kilifungua huduma ya bure kwa magazeti. Mwandishi anatuma taarifa chache za tukio, anarudishiwa habari iliyokwisha kuandikwa, tayari kwa kuchapwa. Unaweza kukisia nani alikuwa na kosa kwenye habari hizo. Sisi hapa hatukuhitaji kuandikiwa na mtu. Tulizipokea sentensi zikiwa zimekwisha kukauka.

Mfano wa upande mwingine ni wa Uholanzi, na nautumia kwa sababu wengi wetu tunadhani Waholanzi walizaliwa juu ya baiskeli. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,000, na kati yao watoto walizidi 400. Miji ilikuwa inabomoa mitaa kupisha magari, kama sisi leo. Mwandishi wa gazeti la De Tijd, Vic Langenhoff, alimpoteza mtoto wake aliyegongwa na gari akiwa njiani kwenda shule. Mwaka uliofuata, 1972, aliandika makala na kuipa kichwa kinachomaanisha "Komesheni mauaji ya watoto". Angeweza kuandika ajali za watoto. Angeweza kuandika changamoto ya usalama wa watoto barabarani, kama tunavyopenda siku hizi. Akaandika mauaji. Wazazi wakajiunga chini ya jina hilohilo, wakalala barabarani na baiskeli zao, wakafunga mitaa watoto wacheze, wakawafuata wabunge. Baadaye kidogo ikaja shida ya mafuta ya 1973 na Jumapili zisizo na magari, na katikati ya muongo ule serikali ikaanza kugharamia njia za baiskeli za majaribio The Hague na Tilburg. Gazeti peke yake halikufanya yote hayo, mafuta yalisaidia sana. Lakini madai ya wazazi yalikuwa na jina, na jina lilitoka kwa mtu wa gazeti.

Turudi nyumbani. Dar es Salaam ni mji wenye baiskeli nyingi kuliko zinavyoonekana na watu wanaokaa ndani ya gari. Zinaamka mapema. Mkaa unaingia kutoka Kisarawe na Mkuranga kabla jua halijachomoza, magunia matatu yamesimamishwa nyuma, mwenyewe anasukuma kwenye mlima na kushuka kwa miguu kwenye mteremko akiwa ameshika breki kwa mikono miwili. Mikate, maziwa, samaki wa Feri, madafu, mafundi wenye misumeno yao. Hawa hawaendeshi baiskeli kwa ajili ya afya. Wala hawahesabiki vizuri kwenye habari, kwa kuwa kwetu baiskeli ina kurasa mbili tu. Iko ile ya tarehe 3 Juni, Siku ya Baiskeli Duniani iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018, waheshimiwa wamevaa fulana mpya na kupiga picha. Na iko ile ya habari fupi: mmoja afariki. Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, wamekuwa wakiandaa misafara jijini na kudai njia salama kwa miaka mingi. Kamera zinafika kwenye msafara, na madai yenyewe yanakatwa wakati wa kuhariri, kwa sababu dakika moja na nusu imekwisha.

Kitu kinachokosekana kwenye habari zetu zaidi hata ya dereva ni barabara. Taarifa itakuambia tukio limetokea "majira ya saa moja usiku katika Barabara ya Mandela eneo la Buguruni". Barabara imetajwa kama anwani. Haisemwi kama pale kuna taa zinazowaka, kama kuna bega la lami au lami inaishia mtaroni, kama kuna kivuko, kama kuna kibao cha 50. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973 na inaweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho katika maeneo ya makazi. Kamanda akisema chanzo ni "mwendokasi", swali linalofuata linapaswa kuwa: ngapi kwa ngapi? Alikuwa 90 kwenye 50, au alikuwa 50 kwenye barabara ambayo 50 yenyewe ni nyingi? Nguvu ya pigo haipandi hatua kwa hatua pamoja na spidi. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kufa kwa mtu wa miguu anayepigwa na mbele ya gari inaongezeka mara nne na nusu kati ya kilomita 50 na 65 kwa saa. Kilomita 15 tu, ambazo kwa dereva ni kugusa mafuta kidogo ili awahi mataa. Shirika hilohilo lilihesabu waendesha baiskeli 71,000 waliokufa duniani mwaka 2021, karibu asilimia 20 zaidi ya mwaka 2010, na likasema ni asilimia 0.2 tu ya barabara za dunia zenye njia ya baiskeli.

Na sisi tuna sehemu ya hiyo asilimia 0.2. Mabasi yaendayo haraka, yale tunayoyaita Mwendokasi, yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli pembeni yake, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya kimataifa. Tuliandika sana kuhusu tuzo. Tuliandika kidogo kuhusu njia yenyewe, ambayo ni nzuri mpaka inapofika pale penye maana, yaani kwenye makutano, ambapo inakufa ghafla na kukuacha uchague mwenyewe pa kupita. Kati ya makutano na makutano kuna bodaboda wanaokwepa foleni, magari yaliyopaki na meza za viatu. Siwalaumu wenye meza. Mtu anaweka meza panapopita wateja, na hakuna aliyewahi kuwaambia pale ni barabara ya mtu. Lilipofunguliwa Daraja la Mfugale pale Tazara mwaka 2018, na la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, habari nyingi nilizosoma zilipima mafanikio kwa dakika za foleni. Sikumbuki niliyoisoma iliyopima kwa kumfuata mtu wa baiskeli kutoka upande mmoja hadi wa pili na saa mkononi. Na hapo sijitoi, maana mojawapo ya habari zile za dakika niliihariri mimi.

Nairobi nao wana hadithi yao. Mwaka 2015 kaunti ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi iende kwa watembeao na waendesha baiskeli. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27, ambayo baiskeli haipandi hata ikitaka, na chini yake watu wa miguu wakabaki kutafuta pa kukanyaga. Kenya wana jambo moja la kuwaonea wivu, nalo ni kwamba mamlaka yao ya usalama barabarani, NTSA, hutoa hesabu za vifo kwa makundi, na waendesha baiskeli wana mstari wao. Mwandishi wa Nairobi anaweza kuuweka mstari ule pembeni ya ile asilimia 20 akaandika habari ya ukurasa mzima bila kutoka ofisini. Hapa kwetu polisi hutoa taarifa zao za mwaka, nene na zenye majedwali. Nilikuwa nazipokea, nachukua jumla ya vifo, nalinganisha na mwaka uliotangulia, naandika "vyapungua" au "vyaongezeka", nazifunga.

Nitasemwa kwamba nawatetea watu wa baiskeli kana kwamba ni malaika. Sio. Nawaona usiku bila taa wala kiakisi, nawaona wakija mkono usio wao, nimewaona wakipita mataa mekundu na mtoto kwenye karia. Mimi mwenyewe nimepanda juu ya kibaraza pale Buguruni na kuwatimua watu wa miguu kwa kengele, na nilitukanwa kwa haki. Kosa likiwepo liandikwe. Ninachokataa ni kosa lile kupewa uzito ambao halina. Siku hizi tumeanza kuiga kumalizia habari kwa "hakuwa amevaa kofia ngumu". Kofia ya baiskeli ya viwango vya Ulaya hujaribiwa kwa kuangushwa kwa kasi inayokaribia kilomita 20 kwa saa. Imetengenezwa kwa mtu aliyeteleza akaanguka, na kwa huyo inasaidia kweli. Tela likipita juu ya kifua, habari ya kofia ni ya nini? Imewekwa pale ili msomaji apumue. Aa, hakuvaa kofia. Mimi huvaa, basi nipo salama.

Kwa nini tunaandika hivi? Uvivu upo, lakini sababu kubwa ni simu moja. Mwandishi wa habari za ajali ana chanzo kimoja, polisi, na polisi wanatafuta kosa la jinai: nani wa kushtakiwa kwa uendeshaji wa hatari. Hilo ndilo jukumu lao na wanalifanya. Swali la kwa nini mtu wa tano amekufa mita zilezile mia mbili halina kifungu cha sheria, kwa hiyo haliingii kwenye taarifa yao, na kwa kuwa haliingii kwenye taarifa yao haliingii kwenye yetu. Aliyeichora ile barabara hapigiwi simu. Mkandarasi hapigiwi. Ofisi ya TANROADS au TARURA, wakala wa serikali wa barabara, ya eneo lile inapigiwa kukiwa na mafuriko tu. Halafu kuna hesabu ya miili, niseme ukweli. Basi likiua 20 kwa mpigo mmoja, tunatuma gari na mpigapicha. Baiskeli 20 zikiuawa moja moja, kwa wiki 20, kwenye mji uleule, hakuna siku hata moja ambayo habari inatosha kuvuka mistari minne. Nilikuwa na daftari dogo la kuandika habari zilizokatwa kwa kukosa nafasi. Siku nilipokuwa nakusanya vitu vyangu niliupitia mwaka wa mwisho nikakuta mtu wa baiskeli ametokea humo mara kumi na moja. Tatu kati ya hizo, barabara ni ileile.

Mwezi uliopita nilikwenda pale, na futi ya fundi seremala mfukoni. Nilitaka kuiandika upya habari moja kati ya zile tatu, hata kama hakuna wa kuichapa. Njia ya gari nilipima mita tatu na nusu. Bega la lami linakuja vizuri, mita moja na zaidi, hadi linapofika kwenye kalavati, hapo linakatika. Kutoka mstari mweupe hadi ukingo wa zege ni sentimita 30. Ukingo wenyewe unafika kwenye ugoko wangu, na ng'ambo yake mtaro uko wazi, kina kinanizidi kimo. Nguzo ya taa ipo, taa haipo. Nilisimama nikaandika vipimo kwenye kiganja maana karatasi nilisahau, malori yananipitia hadi shati linaniacha mwili. Nilipata majibu kwa yale niliyokuwa nayaacha wazi miaka yote, isipokuwa jina lake, ambalo sikuliuliza siku ile na sasa hakuna wa kumuuliza.

Akaja muuza madafu, kijana, baiskeli imejaa pande zote. Hatua kama kumi kabla ya kalavati alishuka, akatazama nyuma, akasubiri malori mawili yapite, kisha akaisukuma mbiombio hadi ng'ambo. Akanikuta nimechuchumaa na futi. Akanisalimia shikamoo, akauliza kama mimi ni mtu wa barabara. Nikamwambia hapana, nilikuwa mtu wa magazeti. Nikamuuliza mbona ameshuka.

"Mzee, hapa wote huwa tunashuka," akasema. "Anayepita amekaa ni mgeni."